Kumbi za mnada za Drouot, Paris: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa anayetaka kununua, kuuza au kutazama tu vitu vya kale na vya sanaa katika kumbi za Hôtel Drouot, awe anaishi Paris au anafuatilia kwa mtandao akiwa Mombasa, Dar es Salaam au Brussels. Majibu mengi hapa yanarudi kwenye jambo moja: kazi ya mnunuzi hufanyika siku ya maonyesho. Siku ya mnada ni ya kutekeleza uamuzi uliokwisha kufanywa.

Drouot ni hoteli?

Hapana. Kwa Kifaransa cha zamani, neno "hôtel" ni jumba kubwa la mjini. Jumba la mnada lilifunguliwa hapo tarehe 1 Juni 1852, namba 9 mtaa wa Drouot. La zamani lilibomolewa miaka ya 1970, minada ikahamia kwa muda kwenye stesheni ya reli ya Orsay (ambayo leo ni makumbusho), na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Katika lile jumba la zamani ndipo wachoraji Monet, Renoir, Sisley na Berthe Morisot waliponadi picha zao tarehe 24 Machi 1875, umati ukawazomea hadi polisi wakaitwa.

Wageni wengi hawajui kwamba Drouot yenyewe si muuzaji. Ni jengo lenye kumbi kumi na tano hivi, na kila ukumbi hukodishwa kwa siku na kampuni moja ya madalali. Mchana uleule ukumbi mmoja unauza divai, wa pili vito, wa tatu samani za marehemu fulani pamoja na masufuria yake. Kwa hiyo ada, masharti ya malipo na hata adabu hubadilika ukivuka mlango. Usidhani ulichoambiwa ukumbi namba 4 kinahusu namba 9.

Kuna kiingilio? Nivae vipi?

Ni bure, na huhitaji mwaliko wala suti. Shuka metro Richelieu-Drouot (njia ya 8 na 9). Jumapili kwa kawaida pamefungwa, na Agosti karibu yote hakuna minada. Skrini za mlangoni huonyesha ukumbi upi una nini.

Maonyesho ni lini, na naruhusiwa kugusa?

Kwa kawaida vitu hupangwa ukumbini siku moja kabla ya mnada, saa tano asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na tena asubuhi ya siku ya mnada kuanzia saa tano hadi saa sita. Mnada wenyewe mara nyingi huanza saa nane mchana. Minada mikubwa huonyeshwa siku mbili au tatu. Thibitisha saa kwenye tovuti kwa mnada unaoutaka, maana kila dalali ana ratiba yake.

Kugusa unaruhusiwa, na unatakiwa kugusa. Hii ndiyo tofauti kati ya ukumbi wa mnada na makumbusho. Kiti unakikalia, droo unaivuta, picha unaomba iteremshwe ukutani uone mgongo wake. Vilivyo ndani ya kabati la kioo, mwombe mhudumu akufungulie. Hana haki ya kukunyima kwa sababu tu hukuvaa kitajiri. Shika kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa mikono miwili, juu ya meza. Birika usilishike kwa mkono wake, mara nyingi uligundishwa.

Beba tochi ndogo, lenzi ya kukuzia ya mara kumi, futi ya kupimia na tochi ya mwanga wa urujuanimno. Hii ya mwisho ni ya bei nafuu na imewaokoa wengi: ukimulika picha ya mafuta mahali penye giza kidogo, vanishi ya zamani hung'aa kijanikijani, na sehemu zilizopakwa rangi upya juu yake huonekana kama madoa meusi.

Nikague nini hasa?

Inategemea kitu, lakini mazoea mawili yanafaa karibu kila mahali: geuza, kisha tafuta sehemu ambazo fundi hakutarajia utazitazama.

Chukua kabati la droo linaloitwa la karne ya 18. Vuta droo yote nje, igeuze chini juu. Maungio ya meno pembeni, yakiwa ya mkono, hayalingani: moja pana, lingine jembamba. Ya mashine yamelingana kama sega. Tazama alama za msumeno chini ya ubao. Mistari iliyonyooka ni ya msumeno wa mkono. Mistari ya nusu duara ni ya msumeno wa mviringo, ambao ulienea katika karne ya 19, kwa hiyo droo hiyo haikutoka kwenye karakana ya wakati wa mfalme Louis XV. Huenda droo ni mpya na kabati ni la kweli. Ndiyo maana unavuta droo zote. Matundu madogo ya bungua peke yake si tatizo, ila ukiona unga mweupe mpya chini yake, mdudu yu hai na utampeleka nyumbani kwako.

Sasa chukua barakoa ya Kiafrika. Usoni kila mchongaji hodari anaweza kukudanganya. Geuza uone ndani. Barakoa iliyochezewa ngoma ina weusi na ulaini pale paji la uso, mashavu na kidevu vilipogusa mbao, kwa jasho na mafuta ya ngozi. Pasipoguswa na uso hubaki pakavu, na makovu ya tezo huonekana. Ndani kukiwa na weusi wa namna moja kote hadi pembezoni, weusi huo ulipakwa. Kisha tazama matundu ya pembeni ya kufungia kitambaa au nyuzi. Kamba iliyovutwa kwa miaka hulila tundu upande mmoja, likawa na umbo la tone. Tundu la duara kamili lenye kingo kali ni la keekee ya mashine, na kama mbao ndani ya tundu ni nyeupe kuliko nje, lilitobolewa juzi. Barakoa za Kimakonde za kuvaa kichwani kama kofia mara nyingi zina nywele za binadamu zilizogandishwa kwa nta: nta ya zamani ni ngumu, imepasuka, ina vumbi ndani ya nyufa. Mwisho inuse. Harufu ya dawa ya viatu au moshi mkali wa karibuni ni sababu tosha ya kuiacha.

Ukimaliza, andika kwenye katalogi, pembeni ya namba ya loti (kitu kimoja au fungu la vitu vinavyonadiwa kwa pamoja), bei ya juu kabisa utakayotoa. Iandike ukiwa bado ukumbini, akili ikiwa imetulia.

Maneno ya katalogi yana maana gani kisheria?

Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayofunga maana ya maneno haya, na mtu asiyeyajua anaweza kulipa bei ya msanii akapata kazi ya mwanafunzi wa mwanafunzi wake.

Jina la msanii likiandikwa peke yake, au na neno "par" au "de", muuzaji anahakikisha kwamba ndiye mwenyewe. "Attribué à" ina maana kazi ni ya wakati wa msanii huyo na kuna sababu nzito za kumdhania yeye, lakini si hakika. "Atelier de" ni kazi ya karakana yake au chini ya usimamizi wake. "École de" ikifuatiwa na jina la msanii ni ya mwanafunzi wake, iliyofanywa akiwa hai au kabla ya miaka 50 kupita tangu afariki. Na haya, "dans le goût de", "manière de", "genre de", "d'après", hayakuhakikishii chochote: si mtu, si tarehe, si karakana.

Kwa samani, tofauti ipo kwenye neno moja. "Époque Louis XV" ni ahadi kwamba kitu ni cha wakati huo. "Style Louis XV" ni umbo tu, hata kama kilitengenezwa mwaka jana.

Hali ya kitu ni habari nyingine. Vitu huuzwa jinsi vilivyo, na kimya cha katalogi kuhusu ufa si ahadi kwamba ufa haupo. Omba taarifa ya hali ya kitu kwa barua pepe. Hutolewa bure, na inabaki maandishi mkononi mwako.

Kwa nini nililipa zaidi ya bei niliyoisikia nyundo ikigonga?

Kwa sababu ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei ya nyundo. Kila kampuni ina kiwango chake, na kwa minada ya hiari mara nyingi kiko kati ya asilimia 25 na 30 pamoja na kodi. Tuseme nyundo imegonga kwenye euro 1,000 na ada ni asilimia 28: unalipa 1,280. Ukinunua kwa mtandao kupitia jukwaa la Drouot lenyewe, ongeza asilimia 1.5 na kodi yake, yaani 1.8: inafika 1,298. Minada ya amri ya mahakama, kama ya mali za waliofilisika, ina ada iliyopangwa na serikali, asilimia 14.28 pamoja na kodi, kwa hiyo kitu hichohicho kingekugharimu euro 1,142.80. Ndiyo sababu wafanyabiashara hujazana kwenye minada hiyo.

Hesabu kwa kurudi nyuma: kama mfukoni una 1,280 na ada ni asilimia 28, kikomo chako ukumbini ni 1,000. Wengi huandika kikomo wakasahau ada. Angalia pia alama ndogo kwenye namba ya loti, kama nyota au duara. Maana yake iko kwenye ukurasa wa masharti, na mara nyingi ni kodi ya ziada kwa kitu kilichoingizwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya.

Mnada wenyewe unaendaje?

Haraka. Tarajia loti 60 hadi 100 kwa saa, kwa hiyo loti ya 150 haitafika kabla ya saa moja na nusu hivi tangu kuanza. Dalali husimama kwenye kizimba na nyundo. Pembeni yake huketi mtaalamu aliyekadiria vitu, na mpiga mbiu huzunguka ukumbini akirudia bei kwa sauti. Bei hupanda kwa takriban asilimia 10 kila hatua: 100, 110, 120, ikipita 1,000 huruka kwa mia mia.

Inua mkono juu, wazi, dalali akuone. Ukishinda, mpiga mbiu anakuja kwako kuchukua kitambulisho au kadi na kukupa tiketi. Tunza tiketi hiyo. Kumpungia rafiki mkono hakutakuletea kabati: dalali hutazama machoni kabla ya kupokea bei ya mtu asiyemjua, na ukiona amekosea, sema papo hapo kwa sauti, kabla nyundo haijagonga.

Bei ya chini ya siri, ambayo muuzaji hakubali kushuka chini yake, ipo kwenye loti nyingi. Sheria ya Ufaransa hairuhusu bei hiyo izidi makadirio ya chini yaliyochapishwa. Kwa hiyo katalogi ikisema 800 hadi 1,200, ukifika 800 unajua hakuna kizuizi kilichofichwa juu yako.

Na kama mtu ukumbini akikunong'oneza msishindane ili mgawane baadaye, kataa. Ni kosa la jinai, kifungo hadi miezi sita na faini hadi euro 22,500.

Nifanyeje kama siwezi kufika?

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuacha kikomo chako kwa maandishi, dalali anunue kwa niaba yako kwa bei ya chini iwezekanayo. Ya pili ni simu: mfanyakazi anakupigia loti chache kabla ya yako. Omba siku moja kabla, toa namba mbili za simu, na soma masharti, kwani kampuni nyingi huhesabu ombi la simu kuwa umekubali kununua kwa makadirio ya chini iwapo simu haitapatikana. Ya tatu ni mtandao: jiandikishe angalau saa 24 kabla, na kitambulisho na kadi ya benki, kwa sababu uhakiki wa mtu aliye nje ya Ulaya huchukua muda.

Kinachoharibika zaidi kwenye mtandao ni ucheleweshaji. Picha unayoiona iko nyuma ya ukumbi kwa sekunde kadhaa, na dalali hatakungoja. Bonyeza mapema, usisubiri aseme mara ya mwisho. Kanuni ya siku 14 za kurudisha bidhaa uliyonunua mtandaoni haihusu mnada wa hadhara, kwa hiyo ukibonyeza kwa makosa na ukashinda, umenunua.

Kama huwezi kufika kwenye maonyesho, tuma mtu. Rafiki aliye Paris, akiwa na simu nzuri na orodha ya picha unazotaka (chini, ndani, mgongo, sahihi kwa karibu), atakusaidia kuliko katalogi nzima. La sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nyundo imegonga kwangu, halafu mtu akasimama akasema "préemption". Ni nini?

Ni mwakilishi wa serikali. Sheria inaruhusu dola, kwa ajili ya makumbusho au nyaraka zake, kuchukua nafasi ya mnunuzi kwa bei ileile aliyofikia. Ina siku 15 kuthibitisha. Ikithibitisha, wewe hulipi na hupati. Isipothibitisha, kitu ni chako.

Nalipa vipi, na kitu nakichukua lini?

Kadi au uhamisho wa benki. Fedha taslimu zina mipaka: kwa kawaida euro 1,000 kwa mkazi wa Ufaransa, na 15,000 kwa mgeni asiye mfanyabiashara. Kitu hakitoki kabla malipo hayajaingia, lakini tangu nyundo ilipogonga ni mali yako, na hatari yake ni yako pia. Kama una bima, ianze saa hiyo.

Masharti mengi ya Drouot hukuruhusu kuchukua ukumbini jioni ya mnada hadi saa moja, au kesho yake kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Baada ya hapo ukumbi unahitajika kwa mnada mwingine, na vitu hushushwa kwenye ghala la chini ya jengo, ambako utatozwa kwa siku kulingana na ukubwa. Watu hununua meza ya euro 60 wakalipa ghala zaidi ya hapo. Kama huna gari, usinunue kitu kisichopita kwenye mlango wa metro kabla ya kupata bei ya msafirishaji.

Na nisipolipa?

Utaandikiwa notisi. Ikipita bila malipo, muuzaji anaweza kuomba kitu kinadiwe upya, na bei ikishuka, unadaiwa tofauti. Jina lako pia linaweza kuingia kwenye daftari la wadaiwa wa minada linaloshirikishwa kati ya madalali, na kumbi nyingine zitakukatalia usajili.

Nikigundua kitu ni bandia?

Kama maelezo ya katalogi yalihakikisha kitu ambacho si kweli, una miaka mitano tangu tarehe ya mnada kumshtaki dalali au mtaalamu. Hapa ndipo maneno ya amri ya 1981 yanapokuwa na uzito: ukinunua "dans le goût de", huna kesi. Hifadhi katalogi, risiti, taarifa ya hali ya kitu na picha ulizopiga kwenye maonyesho.

Nimeona vitu vya kwetu vikinadiwa. Ni halali?

Swali hili linauma, na jibu lake si moja. Vitu vingi viliondoka Afrika zama za ukoloni, vikauzwa tena na tena, na sheria ya Ufaransa inavihesabu kuwa mali ya aliye navyo. Mnada wa mkusanyo wa familia ya Vérité uliofanyika Drouot mwezi Juni 2006 uliuza barakoa ya Kifang ya Gabon kwa takriban euro milioni 5.9, na hakuna kipengele cha sheria kilichoizuia.

Vingine viliibwa juzijuzi tu. Barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, ilionekana baadaye katika makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller huko Geneva, na ikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee, viling'olewa makaburini na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Makumbusho kadhaa ya Marekani yamevirudisha Kenya. Kwa anayevijua, kigango ni mzee mwenyewe, na kukiona na namba ya loti kifuani ni kufuru.

Kinachofaa kufanywa ni kuwahi. Mwezi Aprili 2013 Wahopi, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na watetezi wao walikwenda mahakamani Paris kuzuia mnada wa barakoa zao takatifu uliofanyika Drouot. Hakimu alikataa siku ileile ya mnada, zikauzwa. Desemba mwaka huohuo, kwenye mnada mwingine, taasisi ya Annenberg ya Marekani ilinunua vitu vitakatifu 24 kwa siri, 21 vya Wahopi na vitatu vya Waapache, ikavirudisha kwa wenyewe. Kwa hiyo ukiona kitu unachokitilia shaka, piga picha ya ukurasa, andika namba ya loti, jina la kampuni na tarehe, upeleke siku hiyohiyo kwa National Museums of Kenya au kwa Makumbusho ya Taifa la Tanzania, na nakala kwa ubalozi wa nchi husika Paris. Madalali huogopa kuuza kitu chenye rekodi ya wizi, lakini wanahitaji hati: picha ya zamani, namba ya orodha, ripoti ya polisi. Baada ya nyundo kazi huwa ngumu maradufu.

Pembe za ndovu zina sheria yake. Ghafi haziuzwi. Zilizochongwa kabla ya 1947 huhitaji cheti, na kuzitoa nje ya Umoja wa Ulaya karibu haiwezekani. Kiti cha enzi cha Lamu chenye nakshi za pembe ni kizuri, lakini ukikinunua Paris ukitarajia kukirudisha Lamu, uliza kibali kabla ya kuinua mkono.

Nataka kuuza. Nianze wapi?

Madalali wengi hukadiria bure. Peleka picha kwa watatu, si kwa mmoja, na uchague anayefanya minada ya aina ya kitu chako. Mwaka 2021 wazee wawili kusini mwa Ufaransa waliuza barakoa ya Kifang kwa muuza mitumba kwa euro 150. Machi 2022 iliuzwa mnadani Montpellier kwa milioni 4.2. Walishtaki, wakashindwa mahakamani mwaka 2023.

Mkataba uwe wa maandishi: makadirio, bei ya chini ya siri, kamisheni yako (inajadiliwa), nani analipa picha, usafiri na bima. Kabla kitu hakijabebwa, kipige picha na upate orodha iliyotiwa sahihi. Wapagazi wa zamani wa Drouot, wale wa kola nyekundu, walipoteza kazi hiyo mwaka 2010 baada ya polisi kugundua wizi wa miaka mingi, na mahakama iliwatia hatiani wengi wao mwaka 2016. Vingi vya vitu hivyo vilitoweka kwenye nyumba za marehemu ambako hakuna aliyeandika orodha.

Kama kitu kimetoka Kenya au Tanzania, andaa kibali chake cha kutoka. Tangu 28 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai hati za uagizaji kwa vitu vingi vya kale, na dalali makini ataziomba kabla ya kukipokea.

Fedha zangu nazipata lini?

Sheria inampa dalali hadi miezi miwili tangu siku ya mnada. Wengi hulipa kati ya wiki nne na sita, baada ya mnunuzi kulipa. Wiki ya tisa ikifika kimya, andika barua ya kusajiliwa, si barua pepe.